Safari ya Kwenda Kumhoji Mama

Nilikuwa na sababu moja ya kuondoka mtaani kwetu Katandala likizo hii ya Juni, na haikuwa utafiti. Utafiti ulikuwa wa Dada Rehema, mpangaji wetu, mtu wa Tanga anayeamini kwamba maji baridi ya asubuhi ya Sumbawanga ni adhabu aliyotungiwa yeye peke yake. Anasoma shahada ya pili. Anachunguza jinsi watu wazima wenye kazi na watoto wanavyosoma chuo kwa mtindo wa mseto: sehemu kwenye simu, sehemu darasani ana kwa ana. Bibi alipoelezwa aliuliza, "Mseto? Ile dawa ya malaria?" Akaelezwa tena, taratibu, mpaka akasema, "Aa. Kama Adelina."

Adelina ni mama yangu. Ni muuguzi kwenye zahanati moja mbele ya Mtowisa, chini kabisa Bonde la Rukwa, na anasoma shahada ya afya ya jamii kwa mtindo huohuo. Mimi naishi na Bibi mjini. Zahanati ina wauguzi wawili tu, kwa hiyo ruhusa ya kupanda huku anaipata kwa nadra, na anaipata zaidi kwa zile wiki za ana kwa ana ambazo chuo chake huziendesha hapa Sumbawanga. Wenzangu mnangoja Krismasi. Mimi nangoja ratiba ya chuo nisichosoma.

Sasa sikieni shida ilipoingilia. Jioni moja nikiwa namenya viazi, Dada Rehema alimwambia Bibi kwamba chuo kinafikiria kuziondoa wiki za ana kwa ana, kila kitu kihamie kwenye simu. Maoni atakayokusanya yatasomwa na wakubwa kabla hawajaamua.

Kisu kikaganda kwenye kiazi.

"Utamhoji na Mama?"

"Yumo, kama atakubali."

"Nakuja na wewe."

Dada Rehema akamtazama Bibi, akitegemea msaada. Bibi akasema, "Mchukue tu, mwanangu. Na mimi nipumzishe masikio."

Asubuhi ya kwanza tulipanda bodaboda kwenda Mollo, kwa Mwalimu Kassian. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye wajukuu, anasoma shahada ya elimu chuo hichohicho cha Mama. Upepo wa Juni mnaujua, ule unaopita kwenye sweta kama vile halipo. Dada Rehema alifika akiwa amefungwa kanga mbili juu ya koti, anafanana na kifurushi cha posta. Mwalimu tulimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si Skola wa Adelina? Mbona zamani ulikuwa mpole?"

"Nilikuwa naumwa, mwalimu."

Dada Rehema akaenda upande wa pili wa nyumba kupiga simu. Nikakaa kwenye gunia, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua kama mtoto mwenye adabu, huku namsogelea Mwalimu. Nikamweleza kinachotaka kutokea. Nikamwambia huyu dada ni mgeni, anapenda sentensi za kuandikika, kwa hiyo akiulizwa kuhusu darasani aseme hivi: wiki za ana kwa ana ndizo chumvi ya masomo yetu. Niliitunga usiku kucha hiyo, na mdahalo wa shule ungenipa makofi.

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Chumvi?"

"Chumvi, mwalimu."

Kinasa sauti kilipowashwa, Mwalimu Kassian akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, akajikohoza na kuitoa ile sentensi kama anamwaga risala mbele ya mgeni rasmi. Dada Rehema alifurahi mpaka akairudia kwa sauti. Mimi nikawa naangalia kuku.

Kesho yake tukaanza safari yenyewe, kwenye kichwa cha lori lililokuwa linashuka tupu kufuata mpunga. Bibi alitupa unga wa ulezi wa Mama na sweta la kijani alilolifuma mwenyewe. Nikamwambia, "Bibi, Mtowisa watu wanalala nje kwa joto, sweta la nini?" Akasema, "La kupandia huku." Akaingia ndani. Nikalikunja, nikalibana kwapani.

Tulipoipita Ntendo, mashamba ya mahindi yalikuwa yamebaki mabua, na ulezi umeshakatwa. Kisha ardhi ikaisha. Sijui niseme vipi kwa wasiowahi kushuka huko: unatembea juu ya uwanda wa Ufipa unadhani dunia ni tambarare mpaka mwisho, halafu ghafla mbele ya kioo cha lori hakuna kitu, kuna hewa tu, na chini kabisa kuna bonde la rangi ya vumbi na mstari mweupe unaometa kwa mbali, ndiyo Ziwa Rukwa. Dereva akapunguza gia. Dada Rehema akaanza kusali kimyakimya. Mimi nilikuwa natafuta paa la zahanati, kitu cha kijinga, kwani kutoka juu kule hata mji mzima ungeufunika kwa ukucha. Niliendelea kulitafuta vilevile. Kila kona tuliyoshuka joto lilikuwa linapanda, na mimi nikawa nalikumbatia lile sweta mapajani, natokwa na jasho, wala sikutaka kulishusha chini.

Muze tulisimama kunywa chai. Kabla mtandao haujakata, nikatoa simu yangu ya kitochi na kumwandikia mtu wa pili wa kuhojiwa, Afisa Mifugo Masanja wa Mtowisa, mwanafunzi mwenzake Mama ninayemwita mjomba, aliyezoea kutubebea mizigo ya Mama. Nikamwandikia yote, pamoja na chumvi.

Mchana tukafika Mtowisa. Vumbi, ng'ombe, magunia ya mpunga yamepangwa kando ya barabara. Mjomba Masanja, pande la mtu mwenye sauti ya kuitia mifugo, alitupokea kwa samaki na wali, akaniuliza kama Bibi bado ananichapa. "Ananikosa, mjomba. Kasi imempungua." Akacheka mpaka mezani maji yakamwagika. Halafu mahojiano yakaanza.

"Unaonaje wiki za ana kwa ana?" aliuliza Dada Rehema.

Mjomba Masanja akavaa uso wa kikazi. Yeye ni mtu wa serikali, jibu la maandishi analiheshimu. Akatoa simu mfukoni, akainyoosha mbali kidogo na macho, akasoma.

"Shikamoo mjomba. Ukiulizwa sema wiki za ana kwa ana ndizo chumvi ya masomo yetu. Mama asipokuja tena nitabaki na Bibi na samaki migebuka. Usimwambie Dada Rehema. Ukishasoma futa." Akashusha simu. "Ndiyo maoni yangu."

Nje mbuzi alilia. Ningetoa chochote niwe yule mbuzi.

Dada Rehema akazima kinasa sauti. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa, maana anayefoka unaweza kumchekesha.

"Skola, na yule wa Mollo?"

"Na yeye."

"Unajua nitalazimika kumhoji upya? Na hili la mjomba wako nitalitupa. Mimi sikuja kuchukua maneno yako kwa vinywa vya watu."

"Lakini si kweli? Kuna mtu anataka ziondolewe?"

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana nauliza."

Mjomba Masanja alikuwa anatuangalia kwa zamu. "Kwani nimekosea kusoma?"

Jioni tukafika zahanati. Mama alikuwa anamfunga mtu kidonda mguuni. Aliniona mlangoni, mikono ikaendelea na bandeji, macho yakabaki kwangu, mpaka mgonjwa akamwambia, "Nesi, huo ni mguu mwingine." Alipomaliza alinawa, akanikumbatia na sweta katikati yetu. Alikuwa amekonda. Alinuka spiriti na sabuni. Mzaha niliokuja nao tangu Katandala wote ukayeyuka, nikabaki nasema tu, "Bibi anakusalimia, Bibi anakusalimia," kama kasuku.

Dada Rehema alimweleza Mama kila kitu, mpaka mbuzi. Mama akacheka kwanza, kisha akaacha. Dada Rehema akaniambia nikae nje wakati wa mahojiano.

"Mwache akae," Mama akasema. "Amekuja kusikia. Asikie."

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, chini ya bango la chanjo. Swali likaulizwa. Mama akakunja kona ya aproni.

"Mimi nasema waziondoe," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri.

"Zile wiki nakaa darasani siko darasani. Mhadhiri anaongea, mimi nawaza mtoto ametoka shule saa ngapi, amekula nini. Mapumziko ya chai wenzangu wanakunywa chai, mimi nakimbia mpaka ukuta wa shule yake, niwaangalie wakicheza, nikipata bahati nimwone anawachekesha wenzake, nirudi. Jioni badala ya kusoma namsuka nywele. Mitihani ya darasani nimefeli mara mbili, ndiyo maana nimeongezewa mwaka. Huku bondeni nasoma. Nikitoka kazini napanda pale kwenye kichuguu nyuma ya zahanati, ndipo mtandao unaposhika, nakaa na mbu. Hakuna wa kumkimbilia. Nafaulu." Akashusha pumzi. "Nikimaliza ndipo nitakuwa na hoja ya kuomba uhamisho wa kwenda mjini. Hawajaniahidi, lakini bila cheti sina hata la kuombea."

Huo mwaka wa nyongeza sikuwa naujua. Niliambiwa chuo kinachelewa.

Dada Rehema alikuwa anaandika. Mama akamgusa mkono. "Andika pia kwamba siku wakiziondoa nitalia."

"Niandike lipi kama ndiyo jibu lako?"

"Andika yote mawili."

Jua lilipokuwa linazama, Mama alinipeleka kwenye kichuguu. Kina kimo cha nyumba, juu kimesawazishwa kwa kukaliwa, na watoto wa kijiji wanakiita Chuo Kikuu. Alikuwa na kazi ya kutuma chuoni. Alibonyeza, kile kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo cha simu, naye akainua mkono juu ya kichwa kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Mama, unamwitikia nani?"

"Nyamaza, unafukuza mtandao."

Tukakaa. Upande wa magharibi ukingo wa Ufipa ulikuwa umesimama mweusi, mrefu, na huko juu yake ndiko tunakoishi mimi na Bibi. Sikuwahi kuuona kwa upande huo. Kumbe kila jioni Mama anakaa hapa na ukuta wa kwetu uko mbele ya macho yake.

"Ukutani mwa shule," nilimwambia, "kwa nini hukuniita?"

"Ungetoroka."

"Ningetoroka kweli."

"Basi."

Nilitaka kumwambia aache chuo, apande kesho na lori. Nikashika kiwiko chake kumsaidia kuinua simu, maana mkono ulikuwa umeanza kushuka. Kiduara kikazunguka mpaka giza likaingia, halafu ikatokea alama ya kijani. Akashusha mkono polepole.

"Imekwenda," alisema. Nami nikafurahi, na nikachukia kufurahi.

Siku ya kurudi lori lilikuwa limejaa mpunga na lilipanda kwa kunguruma. Sweta Mama hakulichukua. Alilala nalo usiku ule tuliokuwa wote, joto lote lile, asubuhi akanikabidhi. "Liweke kwako. Nitalivaa nikija." Juu kabisa, hewa ya Ufipa iliponipiga usoni, nikalivaa mwenyewe. Mikono ilinipita. Lilikuwa linanuka spiriti na sabuni.

Mollo tulipita tena, nikamwomba Mwalimu Kassian radhi. Akahojiwa upya, safari hii akiwa amekaa. Alisema wiki za ana kwa ana zisiondolewe, kwamba nyumbani kwake kila mtu anamhitaji, darasani tu ndipo anapokuwa mwanafunzi na si babu wa mtu. Kisha akaongeza, "Na ile chumvi usiifute. Niliipenda." Dada Rehema akaniangalia, akaiandika, na pembeni akaandika imetoka kwa nani.

Katandala tulimkuta Bibi jikoni. Aliliona sweta mwilini mwangu akageukia moto, akaukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Baada ya chakula Dada Rehema akaja na kinasa sauti chake, akakiweka mezani kikiwa kimezimwa.

"Hili haliingii kwenye utafiti. Nataka tu kujua. Wewe, mtoto wa mwanafunzi, unasemaje?"

Nimejifunza nini huko? Nimejifunza kwamba swali ni zito kuliko linavyoonekana ukilisikia linaulizwa wengine. Nilikuwa na sentensi nzuri kumi za kumchekesha. Nikavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

"Waziondoe," nilimwambia.

Bibi, aliyekuwa anasugua sufuria, akaiweka chini.

"Na lile la pili," nikasema, "la machozi, liandike hilohilo la Mama."