Lugha ya Kukamulia

Banda la ng'ombe nyumbani kwetu Mwika lilinuka mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, samadi mbichi na moshi wa kuni kutoka jikoni. Kila nikiipata harufu hiyo namsikia bibi, mama mzaa baba, akimsemesha ng'ombe. Sisi watoto tulizungumza Kiswahili, wazazi wetu Kichagga. Bibi aliolewa akitokea upande wa Rombo, kwa Wangasa, watu wachache ambao lugha yao ilikuwa inamezwa na Kichagga tangu yeye akiwa msichana. Pale kwetu hakuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye Kingasa, basi akazungumza na ng'ombe. Alimkamua tangu uzao wake wa kwanza, akimnong'onezea maneno yale yale, nusu wimbo nusu maombi, na ng'ombe akashusha maziwa. Baba alitania kwamba nyumba yetu ina wajuzi wawili wa Kingasa, na mmoja wao ana mkia.

Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, baba ameng'oa sehemu ya mibuni akapanda mahindi, na nyumba ikawa inategemea maziwa. Ndipo masika moja bibi alipoteleza kwenye tope kando ya mfereji akavunjika mkono. Mama akachukua ndoo. Ng'ombe akampiga teke. Baba akamfunga miguu, akaambulia maziwa ya kuchafua sufuria tu. Mazoea yana taabu. Tukawa tunakunywa chai ya rangi, kiwele kikaanza kuvimba, na baba akaanza kumtaja mchinjaji.

Bibi akaniita mimi, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa midogo kama yake. Alikaa pembeni, mkono kwenye plasta, akayasema maneno polepole, nami nikayarudia huku nimeegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Nilikosea, akanirekebisha, nikakosea tena. Jioni iliyofuata masikio ya ng'ombe yaligeuka kunielekea, na maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo. Bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilifurahi mno, nikamwomba anifundishe na mengine: maji yanaitwaje, moto je, mtoto je.

"Hayo ya ng'ombe yanakutosha, mjukuu wangu," alisema. "Mengine utaongea na nani?"

Bibi alifariki kabla sijamaliza sekondari, na ng'ombe akauzwa baadaye.

Hivi karibuni nilisoma habari za wazao wa watumwa waliotoroka mashambani kule Jamaika wakajificha milimani. Maneno ya mababu zao wa Afrika wameyatunza katika nyimbo za kuwaita wahenga wao. Sokoni hawayatumii, lakini ngoma ikipigwa yanatoka. Sisi husema mwacha mila ni mtumwa. Wale waliukimbia utumwa, na mila wakaondoka nayo. Sisi hatukufukuzwa na mtu, ila lugha ya bibi ilitushinda kuibeba kutoka bandani hadi jikoni. Niliwaonea wivu, nasema kweli.

Juzi nilipanda Mwika na binti yangu. Kaka yangu sasa anafuga ng'ombe wa kisasa, anawakamua huku redio ikiimba, na wote wanashusha maziwa bila kubembelezwa. Nilimwegemea mmoja wao nikayasema maneno ya bibi yote, bila kukosea. Ng'ombe akaendelea kutafuna. Binti yangu akauliza yana maana gani. Nikamwambia sijui, bibi alinifundisha kazi ya maneno hayo tu, maana yake hakuniambia, na wa kumuuliza hayupo tena.

"Basi nifundishe hivyo hivyo, mama."

Nikamsogezea kigoda.