Maombi Yapitie kwa Meneja

Kwa miaka saba Mwanapili binti Nyange alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mwani pale Wesha, Pemba. Kina mama waliokuja na viroba vyao walimpenda kwa kuwa alipima haki. Meneja wake, Bwana Hamzah, hakumpenda wala hakumchukia. Alimtumia tu, na jambo likiharibika alijua mgongo wa kulibebesha.

Shahada ya kwanza Mwanapili aliisoma kwa masafa, kitabu juu ya viroba. Mwaka wa kura ya maoni ya Zanzibar akaomba shahada ya pili ya biashara kwenye chuo kimoja cha Dar es Salaam. Fomu haikumsumbua mpaka alipofika swali la mwisho: eleza wakati ulipotofautiana na mkubwa wako wa kazi, na ulichojifunza. Chini yake palikuwa na herufi nene: maombi yote yapitie kwa mwajiri.

Cha kuandika alikuwa nacho tele. Mwaka wa nyuma yake Hamzah aliamuru mzigo upakiwe haujakauka, apate kuwahi meli. Mwanapili akamwambia mbele ya wapagazi kwamba mwani ule utaoza njiani.

"Weye kazi yako mizani, si mdomo," Hamzah alimjibu, na wapagazi wakacheka.

Mnunuzi aliurudisha mzigo wote. Barua ya onyo ikatoka kwa jina la Mwanapili, ati hakukagua.

Basi akaandika kurasa mbili bila kuinua kalamu, akampelekea wifi yake Kauthar, mpiga chapa wa ofisi moja pale Tibirinzi. Kauthar alisoma mpaka mwisho, akazikunja zile karatasi.

"Wifi, haya si maombi. Haya mashitaka."

"Kuna neno la uongo humo?"

"Hata moja. Lakini Hamzah umemtaja kila mstari, na weye mwenyewe sikuoni. Wanataka kumsomesha nani?"

"Nikimtaja hatii saini. Nisipomtaja nimejibu nini?"

Kauthar akamrudishia karatasi zake. Wiki nzima Mwanapili aliandika na kuchana. Mara aone amejidhalilisha, mara aone amemsengenya mtu. Mwishowe aliandika hivi: mkubwa wangu aliihofia meli, mimi niliuhofia unyevu, na sote tulikuwa na sababu. Nilikosea kumwambia mbele ya watu anaowaongoza, nikamzibia njia ya kurudi nyuma. Tangu siku ile hali ya kila mzigo naiandika kwenye karatasi na kumpelekea ofisini kabla haujapakiwa, na karatasi hajaikataa hata siku moja. Barua ya onyo hakuigusa.

Hamzah alikaa na fomu siku tatu. Ya nne, ikiwa imebaki siku moja tu kufika mwisho wa kupokea maombi, akamwita.

"Kaa." Akasoma tena taratibu, kidole kikifuata mistari. "Ile barua ya onyo hukuitia humu."

"Sikuitia, bwana."

"Kwa nini?"

"Swali limeuliza nilichojifunza miye."

Hamzah akatia saini, akagonga muhuri, akaisukuma fomu juu ya meza. Mwanapili alitoka mbio kwenda kuituma.

Aliitwa kwenye usaili Dar es Salaam, mbele ya watu watatu. Mwanamke wa katikati aliishika ile fomu, akauliza swali ambalo Mwanapili alilikimbia wiki nzima.

"Mzigo uliporudi, lawama alibebeshwa nani?"

Akisema, ni majungu. Akificha, ni uongo, tena mbele ya watu wazima.

"Mimi. Niliandikiwa barua ya onyo."

"Ilikuwa haki?"

"Haikuwa."

Yaliyobaki yalimjaa kinywani, akayameza. Yule mwanamke alingoja, kama anayejua kuwa yapo.

"Na bado unafanya naye kazi?"

"Nafanya naye. Tulilolitaka lilikuwa moja, mzigo ufike. Tulikhitilafiana njia."

Waliandika kitu, wakamshukuru. Alirudi Pemba hajui kama amesema mno au amesema kidogo, na kwa wiki sita kila simu ilipolia alishtuka.

Jawabu lilikuja mwezi wa tisa: amekubaliwa.

Siku aliyokwenda kuaga, Hamzah alikuwa akipekua majalada. Hakuinua kichwa.

"Waliuliza habari zangu?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Kweli, bwana. Kwa kadiri nilivyoulizwa."

Hamzah alilifunga jalada.

"Haya," alisema. "Mungu akufikishe salama. Huyo atakayeshika mizani, mwambie na yeye aniletee karatasi."