Neno la Juu ya Kadi

Usiku ule nilikaa jikoni nikimngoja Tabea. Alikuwa ameondoka Njombe asubuhi juu ya lori la magome ya miwati kwenda Makambako, kuonana na bwana wa vitabu, yule anayevigawa kwenye vyumba vya kusomea, ambaye angepita pale akitoka Iringa. Aliahidi kurudi kabla ya giza. Giza likaingia, ukungu ukashuka mpaka nikawa sioni ua wangu mwenyewe, na kila gari lililonguruma kilimani lilinitoa mlangoni na shuka mabegani.

Nilijua alichokwenda kuuliza. Chumba cha kusomea alichokuwa akikitunza kilikuwa kimefungwa. Mzee Gideoni, mwenyekiti wa kamati ya chumba na mzee wa kanisa letu la Kilutheri, alikifunga mwenyewe na ufunguo akautia mfukoni. Kisipofunguliwa, vitabu vingetiwa kwenye makasha vikapelekwa kwingine, na mwanangu angekosa kazi aliyoipenda. Mimi niliogopa na la pili, kwamba tungetengwa na meza ya Bwana.

Tabea nilimzaa Mdandu, mwaka wa nzige. Baba yake alikwenda Mufindi kwenye mashamba ya chai, akawa anarudi wakati wa mavuno, kisha akaacha kurudi. Mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini yeye nilimsomesha mpaka akawa mwalimu. Hakudumu. Baridi ya asubuhi na vumbi la chaki vilimwingia kifuani, akawa anakohoa mbele ya watoto mpaka wao ndio wanamwambia apumzike. Aliposikia kuwa Njombe kumefunguliwa chumba cha kusomea, akaenda kuomba kukitunza, akapewa. Nami nikahama naye, maana kifua kile sikukiamini kukaa peke yake.

Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Mbele ya rafu kulikuwa na sanduku refu la kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na juu ya kadi kuna neno la kueleza kitabu kinahusu nini. Anayetaka kitabu hutafuta neno, akilipata humpa Tabea kadi, naye humletea kitabu. Maneno hayo yaliamuliwa na kamati kabla Tabea hajafika.

Nilikuwa napenda kukaa kwenye benchi la nje nikichambua maharage, na nikiwa pale naangalia watu. Niliwaona wakiingia, wakipekuapekua sanduku, wakitoka mikono mitupu. Mmoja wao alikuwa Odilo wa Uwemba, msusi wa matenga, Mkatoliki mwenye maneno mengi. Alitaka kitabu cha mianzi, jinsi ya kuipanda na kuitunza. Tabea akamwonyesha kadi. Juu yake pameandikwa ULEVI.

Odilo aliisoma mara mbili. "Mwalimu," akasema, "mimi nataka kusuka matenga, wewe unanipa ulevi. Nikishalewa nitasuka nini?"

Watu wakacheka, naye akakichukua kitabu bila aibu, maana Wakatoliki wa Uwemba hawaoni taabu na pombe. Lakini sisi Walutheri tulikuwa na taabu. Kila nyumba ya Wabena ina kichaka cha mianzi. Ndiyo ua, ndiyo tenga, ndiyo ghala la mahindi. Na ndiyo pia inayogemwa ulanzi mvua zikianza, pombe inayotoka kwenye mwanzi ikiwa tayari. Kamati iliuona mwanzi ikaona pombe tu. Basi mtu wa kanisa mwenye kichaka kinachokufa angewezaje kusimama mbele ya majirani na kadi ya ULEVI mkononi? Niliwaona wakiigusa na kuiacha.

Na si hiyo tu. Kitabu cha majani ya dawa kilikuwa chini ya USHIRIKINA. Cha habari za posa na mahari kilikuwa chini ya MILA ZA WAPAGANI. Wakinga waliotoka Makete na mizigo yao walitafuta viazi mviringo wasivione, kwa kuwa kadi ilisema VIAZI ULAYA.

Tabea akaanza kuuliza. Kila aliyetoka mikono mitupu alimwuliza angekitafuta kitabu hicho kwa neno gani. Aliwauliza wanawake sokoni, akawauliza Wakinga kwenye vituo vyao vya kupumzikia. Kisha akaandika kadi mpya. Mianzi ikawa MIANZI. Majani ya dawa yakawa MITI YA DAWA. Viazi vikapata kadi mbili, moja ikimwelekeza mtu kwenye nyingine, ili atakayelijua jina moja tu asipotee. Nilimwambia aombe ruhusa kwanza. Akasema aliomba, akajibiwa kwamba maneno yalishapangwa.

Watu walianza kutoka na vitabu. Wa Mdandu walikuja kwa miguu kutafuta cha mianzi. Hapo ndipo maneno yalipozuka. Jirani yangu Yunisi alinikuta kisimani akaniuliza kwa sauti ya kusikika, "Mama Tabea, tuje na vibuyu vyetu siku gani? Tunasikia kwa binti yako siku hizi wanafundisha kugema." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, niliona yatafika wapi. Yakafika kwa Mzee Gideoni, naye akaja na kufuli.

Sikumchukia. Kaka yake mkubwa alikutwa amekufa barabarani, msimu wa ulanzi, baridi imemkausha akiwa amelewa. Mzee Gideoni ndiye aliyembeba. Neno lile la juu ya kadi aliliweka yeye, na nilielewa kwa nini.

Lakini macho yangu hayaachi kuangalia. Siku moja nikitoka ibadani nilipita kwake. Ua wake wa mianzi ulikuwa umelala upande mmoja, na kutoka kwenye boriti za baraza ulikuwa ukidondoka unga wa njano. Mianzi yake yote ilikuwa imebunguliwa. Mkewe alikuwa akiufagia unga ule. Nilimweleza Tabea, akasema kitabu kile cha mianzi kina sura nzima ya bungua, mdudu anayetoboa mianzi.

Basi usiku ule wa kungoja, Tabea alirudi manane, lori likiwa limekwama matopeni njiani. Nilimvua koti lililolowa nikamkalisha motoni. Nilimwacha anywe uji kwanza.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Kamati ya Njombe ndiyo yenye kauli, amesema. Wakikubali kadi zangu, naye amekubali. Wasipokubali, kesho akipita Njombe anachukua makasha."

"Kwa hiyo ni Mzee Gideoni."

"Ni Mzee Gideoni, mama."

Kulipopambazuka tulikuwa mlangoni pa chumba cha kusomea. Mzee Gideoni akaja kwenye ukungu, koti limefungwa mpaka shingoni. Tulimwamkia Kamwene, akaitikia, akatuuliza habari za kulala, kisha akasimama mbele ya mlango bila kutoa ufunguo.

"Umefuta neno langu," akamwambia Tabea.

"Sikulifuta, baba. Kile kitabu cha ulevi wenyewe, kinachoeleza madhara yake, kiko palepale na kadi yake ileile. Nilichotoa ni mwanzi. Mwanzi haunywi."

Alilitazama lile kufuli. "Na mtu akija akitafuta ulanzi?"

Nilimfinya Tabea ubavuni. Angeweza kusema hakuna kadi kama hiyo na mambo yakaisha hapo. Lakini mwanangu hajui kusema hivyo.

"Ipo kadi ya ULANZI. Inamwelekeza kwenye MIANZI. Watu wanatafuta kwa neno walilo nalo mdomoni, baba. Nikiliondoa, mtu hatajua pa kuingilia. Akiingia, atakuta kupanda, kusuka, kujenga, na kuzuia bungua."

Kwenye barabara ya Makambako tulisikia gari likipanda polepole, na nikajua ni la bwana wa vitabu. Tabea alianza kukohoa, akageuka pembeni akajifunika mdomo kwa kitenge.

"Kuzuia bungua," Mzee akarudia. "Kwa kunyunyizia nini?"

"Si kunyunyizia. Unaukata mwanzi kiangazi, unauloweka kwenye maji yanayotembea, ndipo unajengea. Lakini mimi nimesoma harakaharaka tu. Mimi si mjenzi."

"Mjane wa kaka yangu akisikia kuna kadi ya ulanzi humu, atanijia nyumbani."

"Aje hapa," Tabea akasema. "Nitampa ile ya ulevi kwanza."

Mzee alitoa pumzi puani, sijui kama alicheka. Gari likasimama nyuma yetu, mlango wake ukafunguka, mtu akashuka. Mzee Gideoni hakugeuka kumtazama. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, na kwa kuwa kufuli lilikuwa limeshika kutu kwa ukungu, ilimbidi auzungushe mara kadhaa kabla mlango haujafunguka.