Alba ya Mkono Mmoja

Kwa miaka thelathini na minne fundi huyu ameshona mavazi ya mapadre, na miaka yote hiyo hajawahi kuishiwa maneno. Wanakwaya walimpachika jina la Mama Kasula kwa utani, naye akalipokea kwa fahari. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, na kabati la vitambaa vilivyopangwa kwa rangi za mwaka wa Kanisa. Kijani kiko karibu na mkono kwa kuwa ndicho kinachovaliwa zaidi, na nyeupe imefungwa ndani ya shuka isishike vumbi.

Mambo ya siku hizi hayamwingii. Stola, zile skafu ndefu za shingoni, zilizochapwa maua kwa mashine anaziita vitambaa vya meza. Padre akisingizia joto na kuacha kasula, lile vazi la juu kabisa, kabatini, atamwambia usoni kwamba ametoka na nguo ya ndani. Na ile alba ya zipu, kanzu nyeupe isiyofungwa mshipi kiunoni, ndiyo hataki hata kuiona. "Zipu ni ya suruali," husema, na hapo mjadala umekwisha.

Mtu pekee aliyethubutu kubishana naye alikuwa padre mzee, aliyewahi kumrudishia alba mara tatu kwa sababu ya pindo. Walinuniana miezi miwili, kisha wakawa marafiki. Mwaka jana kiharusi kilimpiga padre huyo upande wa kulia. Mguu ulirudi taratibu, lakini mkono ulibaki umelala pajani. Alijaribu misa moja tu, na tangu hapo kila Jumapili aliketi benchi la nyuma na shati la kawaida, na watu wakasema mzee amechoka, aachwe apumzike.

Siku moja paroko kijana alikuja karakana kuagiza kasula nyeupe kwa ajili ya jubilei ya mzee, miaka hamsini ya upadre.

"Ila sijui kama ataivaa," akasema. "Anasema atakaa na waumini. Nimembembeleza mpaka nimechoka, mama."

Fundi alichukua tepu yake ya kupimia akaenda nyumba ya mapadre. Mzee alikuwa sebuleni, redio imezimwa.

"Keti, fundi."

"Sikuja kukaa, Baba. Nimekuja kukupima."

"Usinipime. Mara ya mwisho walinivalisha wawili, mmoja huku, mwingine kule, kama mtoto anayetolewa bafuni." Akaugusa mkono wake uliolala. "Unajua mimi kila vazi nalivaa na sala yake. Siku ile sala zilinipotea zote. Nilifika altareni sikumbuki nimefikaje. Nikiweza kuvaa mwenyewe, nitasimama na wenzangu. Nikishindwa, basi, msinifuate tena."

Fundi alikunja tepu yake akaondoka. Alikuwa na siku kumi na mbili kabla ya jubilei.

Mke wa mwanawe alipoingia karakana asubuhi iliyofuata, alimkuta mama mkwe wake amejifunga mkono wa kulia kiunoni kwa mtandio, kichwa kimenasa ndani ya alba, anazunguka meza huku akigugumia. Yule binti alishika mlango.

"Mama, kuna nini?"

"Nyamaza, unipe hesabu ya dakika."

Alba ya kawaida ilimshinda kabisa. Alipanua tundu la mkono wa kulia ili mkono uliolala uingie kwanza bila kusukumwa. Amikto, kile kitambaa cha shingoni, kina kamba mbili, na kamba hazifungiki kwa vidole vitano. Akakiacha, akaweka kola ya juu. Mshipi alihangaika nao siku nzima, hata kwa meno. Jioni alikaa kitini, jasho likimtoka, akajua amebakiwa na lile analolichukia. Alikata alba mpya iliyokaa vizuri kiunoni bila mshipi, akaipasua kifua, akatia zipu. Alijiona msaliti, na bado aliishona kwa mkono, sindano moja moja, kama ilivyostahili.

Zipu nayo ikaleta ukaidi: ukiivuta kwa mkono mmoja, nguo nzima inakufuata. Akashona kitanzi chini yake cha kunasa kwenye kitasa cha kabati. Ikapanda.

Mzee alipoonyeshwa, aliigeuza geuza.

"Na sala ya mshipi nitaiweka wapi?"

"Isome tu, Baba. Mungu hatakukagua kiuno."

Mzee alicheka, lakini hakuahidi kitu.

Jumapili ya jubilei kanisa lilijaa. Msakristia alitoka, akafunga nyuma yake mlango wa sakristia, chumba cha kuvalia. Mzee alikuwa ameomba aachwe peke yake humo. Wenzake waliokwisha kuvaa walisubiri barazani. Kwaya ilimaliza wimbo, ikaurudia, ikaanza mwingine. Fundi alikuwa benchi la tatu na mke wa mwanawe. Aliogopa. Kitanzi kile angekiweka juu kidogo? Je, kama kasula imemnasa kichwani na hawezi kuita mtu? Mara mbili alitaka kuinuka, mara mbili akajikaza.

Mlango ulifunguka. Mapadre wakaanza kuingia kanisani, na wa mwisho, polepole, akaja mzee katika kasula nyeupe. Midomo yake ilikuwa bado inanong'ona. Kola ilikuwa imejikunja. Stola ilikuwa imeshuka upande mmoja, na kasula yenyewe imevutika begani hadi pindo likapanda.

Mke wa mwanawe aliinama sikioni kwa fundi. "Mama, imekaa upande kabisa. Nimkimbilie nimwekee sawa?"

"Usithubutu," alisema fundi. "Kavaa mwenyewe."

Na akalia pale pale, mbele ya watu, bila kujificha.