Msiba wa Mtu Aliyebeba Mawe ya Boma

Wilaya tuliyotoka haipo tena kwenye ramani. Mjerumani aliichora, Mwingereza akairithi, nasi baada ya Uhuru tukaikata vipande mpaka jina lake likabaki midomoni mwa wazee na katika chama chetu cha hapa Toronto. Kilichosalia ni boma, jengo la mawe lenye kuta nene, pamoja na sifa zake. Nimekulia katika sifa hizo: Mjerumani alikuwa mkali, lakini alijenga. Nilizisikia kwa walimu na kwa mapadri. Katikati ya miaka ya elfu mbili nikazisikia tena katika ukumbi wa chini wa kanisa moja la mtaa wa Mount Dennis, zikitoka kwa watu wenye shahada mbili mbili, na sikuweza kuzivumilia.

Chama kilikuwa kimeniomba niandike historia ya wilaya, isomwe kwenye sherehe yetu ya mwaka na kuchapwa kwa ajili ya watoto. Niliandika kodi ya kibanda, kiboko, maakida waliowekwa na Mjerumani juu ya vijiji vyetu, na maghala yaliyochomwa wakati wa vita vya Maji Maji ili njaa iwamalize waliosazwa na bunduki. Niliandika pia habari ya mtu mmoja wa ukoo wetu. Alibeba mawe ya boma lile kichwani, bila ujira, kisha akanyongwa mbele ya boma hilo hilo. Mwili haukurudishwa na jamaa zake walikatazwa kulia. Matanga hayakukaliwa.

Mtu huyo alikuwa babu wa shangazi yangu, aliyekuwa akiishi mtaa wa Downsview, hapa hapa mjini, kwa binti yake. Shangazi alikuwa na haja moja tu: hayo yatamkwe mbele ya watu wa kwetu, wampe pole, msiba uishe.

"Nikifa haujaisha, nani atausimamia?" aliniuliza. "Hawa wajukuu wanaonijibu Kiingereza?"

Mwenyekiti wa chama aliifuta habari hiyo yote. Babu yake yeye alikuwa akida. Simlaumu kwa hilo, kwa kuwa hakuna anayejichagulia babu. Namlaumu kwa alichokifuta mwenyewe, akiwa na akili zake timamu.

"Kaka, watu wanakuja kula pilau," aliniambia kwenye simu. "Wewe unataka kuwapakulia kamba ya kunyongea?"

"Nataka uwaambie ukweli."

"Ukweli ni boma. Nenda kaliangalie, hata ufa halina. Ofisi tuliyojenga wenyewe pembeni yake imeezuliwa na upepo mara ngapi?"

Nikamwambia siku ya sherehe asome mwenyewe.

Akasoma. Shangazi alikaa kiti cha mbele, khanga mpya mabegani, ametega sikio. Mwenyekiti alisifu nidhamu tuliyorithi, akataja mwaka boma lilipoanza kujengwa na mwaka lilipokamilika, kana kwamba mawe yalipanda ukutani yenyewe, kisha akaingia kwa Mwingereza. Hapo shangazi akaelewa kuwa habari ya babu yake imerukwa. Akavua viatu, akashuka kitini taratibu, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu na kujifunika khanga kichwani.

Kwetu, mwanamke akikaa hivyo mbele ya watu, amefiwa. Hakuna anayeanza kwa kuuliza. Unakaa naye, maswali baadaye. Wanawake waliweka sahani chini. Manesi, wahasibu, wanafunzi wenye magauni ya sherehe, wote wakavua viatu wakamzunguka. Mke wa mwenyekiti alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

"Nani katutoka, mama?" akauliza.

"Babu yangu."

"Lini?"

"Enzi ya Mjerumani. Walimnyonga pale bomani."

Mmoja nyuma alianza kucheka, akapigwa kiwiko.

"Na habari unatuletea leo, mama?" alisema mke wa mwenyekiti. "Pole sana. Tusimulie."

Shangazi akasimulia yote yaliyofutwa. Pilau likaliwa kwa sauti za chini, kama chakula cha msibani. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama na karatasi zake. Hatimaye akasogea, akainama kidogo.

"Pole, bibi."

"Pole gani hiyo ya kunisimamia kichwani? Keti kwanza, mjukuu wangu."

Mkewe akajisogeza, akamwachia nafasi. Yeye akatazama sakafu, akatazama suruali yake.

"Ukumbi tunatakiwa kuurudisha saa kumi na moja," akasema, akaenda kukusanya viti.

Walipomwinua, shangazi alisema msiba wake umekwisha, na uso wake ulionyesha hivyo. Mimi hasira zangu zilikuwa hazijaisha, maana mlangoni watoto walikuwa wakigawiwa kijitabu cha historia, kimechapwa vizuri, boma likiwa kwenye jalada. Mjukuu wa kike wa shangazi alikipekua kurasa zote, mbele na nyuma, akaniuliza kwa Kiingereza yule mtu wa mawe yuko wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hayumo, na nikamwonyesha kwa kidole aliyemtoa.