Viraka vya Magotini

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi wa kushona. Cherehani yake inakohoa kuliko mvuta kiko, na mkasi wake ni mkali mpaka siku moja ulikata kivuli cha jirani, akatembea bila kivuli wiki nzima. Msiponiamini, kamuulizeni jirani.

Miaka ishirini amewashonea mavazi wachezaji wa michezo ya kuigiza, kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko. Mwaka huu kiongozi wao, tunayemwita Kipenga kwa kile kipenga kisichomtoka shingoni, alichagua hadithi ya kale: mama amefika kwenye mto uliofurika, mtoto mgonjwa mgongoni, na mganga yuko ng'ambo.

Hadithi hiyo kila mtu ana yake. Mimi nikiisimulia, mama anaomba neno moja tu, mto unapasuka kama tikiti, na samaki wanajipanga pembeni kumpigia makofi. Kwa Kipenga, mama haombi kabisa. Anakunja gauni na kuvuka kwa nguvu zake. Wifi anaisimulia alivyoipokea kwa mama yake: yule mama alipiga magoti siku tatu akiomba, na mto haukufanya lolote. Siku ya nne maji yakapungua, kama maji yanavyopungua, akavuka. Lakini gauni lilikuwa limetoboka magotini.

Basi wifi akashona gauni jipya, zuri, halafu akalitia viraka viwili magotini.

Siku ya mazoezi Kipenga alipoliona, aliruka.

"Mama, shujaa gani huyu wa viraka? Vifumue."

"Vimekaa mahali pake, mwanangu."

"Watazamaji wa siku hizi wanataka mtu jasiri. Kupiga magoti ni unyonge. Ukikataa, kesho kazi nampa fundi mwingine."

Nikamfinya wifi. "Fumua, we! Miaka ishirini unaitupa kwa vitambaa viwili? Tena hadithi yenyewe haina hata muujiza. Azima samaki wangu."

"Samaki wako kaa nao," akasema. "Kaka yako alipolala kitandani miezi saba, niliomba kila alfajiri, na kila kukicha nikamkuta vilevile. Ningekuwa na hadithi yako ya tikiti, ningeacha siku ya pili. Hii yangu ndiyo iliyonishika mkono."

Nikaacha kumfinya. Kaka yangu huyo sasa ndiye anayezipiga pasi nguo za wachezaji, na kuunguza mojamoja.

Wifi akamgeukia Kipenga. "Mwache mchezaji wako alivae kwanza. Baadaye fanya utakavyo, lakini mkono wangu haufumui."

Msichana anayecheza nafasi ya mama akalivaa, akajitazama.

"Bibi, hivi viraka vya nini?"

"Hapo ndipo gauni lilipochakaa, yule mama akiomba, na mto haushuki."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Msichana akafunga mdoli mgongoni, akapiga magoti kwenye mbao za jukwaa, akatazama mbele. Tukangoja. Seremala aliyekuwa akigongomea misumari akashusha nyundo. Mfagiaji akasimama na ufagio wake. Kipenga akatia kipenga mdomoni, akasahau kupuliza. Hata mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta nautazama mto usiokuwepo, nangoja upungue.

Kisha msichana akainuka, akavuka jukwaa taratibu, kila hatua akiipima.

"Huyu sasa ndiye jasiri," Kipenga akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeokota kitu alichokitupa mwenyewe. "Viraka vibaki, mama. Na wewe ubaki. Ila mto usipasuke!"

"Nani kakwambia unapasuka? Huo uongo wa wifi yangu."

Msichana alikuwa akijisugua magoti. "Bibi, mbao ngumu hizi, na tunacheza siku sita mfululizo."

Wifi akalirudisha gauni nyumbani, akavifumua viraka upande mmoja, akasokomeza sponji ndani, akashona tena. Kaka yangu, aliposikia kwamba mkono usiofumua umefumua, akacheka mpaka akaunguza kola.

Mimi nimemshauri atarizi samaki mmoja kwenye pindo, mdogo tu, anayepiga makofi. Amenisonya. Lakini leo asubuhi nimemwona akipekua kopo la nyuzi, anatafuta ya rangi ya fedha.