Trekta Juu ya Daraja

Nikisikia mtu akisema trekta si la barabara, huwa natafuta pahali pa kukaa kwanza, kwa sababu najua damu itanipanda. Sheria yenyewe ninaijua. Trekta ni chombo cha shamba, na likitaka kukanyaga barabara ya serikali lazima liwe na namba, taa za mbele na nyuma, bima, na dereva mwenye leseni ya kuliendesha. Naweza kuikariri kuliko askari wengi, maana nilisomewa nikiwa nimekalia kiti cha chuma, injini imezimwa, na mawingu ya masika yameshaanza kuufunika mlima.

Uhuru ulikuwa umefikisha kama miaka kumi. Kati ya Kiganjo na Naro Moru watu wa kwetu waliungana wakaunda kampuni, wakanunua shamba la mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Wengi wa wanunuzi ndio waliokuwa vibarua wake. Pamoja na shamba tulipata mikebe ya maziwa iliyotoboka, mkokoteni, maksai wanne wa kuuvuta, na trekta moja jekundu, na plau yake nyuma, lililopauka mpaka likafanana na udongo. Baba yangu ndiye aliyekuwa akimwendeshea mzungu trekta hilo. Alinifundisha mimi, bintiye, akisema trekta halimuulizi mtu kama amevaa suruali. Baba alipotutoka, wanaume wa kampuni walibishana wiki nzima ni nani atakikalia kiti chake. Walipochoka kubishana walinikuta nimeshatia mafuta na kuwasha.

Barabara ya lami ilipita katikati ya shamba. Nyumba zetu na banda la trekta vilikuwa upande wa juu, na vipande vingi tulivyogawiwa vya kulima vilikuwa upande wa chini. Lango la juu na lango la chini hayakutazamana. Kutoka moja hadi jingine ulifuata lami mwendo mfupi na kuvuka daraja jembamba la mto, kwa kuwa pembeni kulikuwa na korongo na hapakuwa na njia nyingine. Mzungu alipita hapo miaka yote na trekta hilohilo, bila namba, mbwa wake amekaa juu ya madigadi ya gurudumu, na askari waliokutana naye walimpigia saluti. Hilo nililiona kwa macho yangu. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa kwetu ulianza kukata siku ile mzungu alipofunga mizigo.

Kipande cha mama kilikuwa huko chini, kimepakana na barabara. Alikuwa amempalilia mzungu pareto tangu usichana wake, na sasa, mjane, alikuwa na udongo wenye jina lake. Lakini kamati ya kampuni ilikuwa imetoa amri: asiyelima kabla ya mvua, kipande chake kitapewa mtu mwingine. Nacho kilikuwa kimejaa thangari, nyasi ile yenye mizizi kama kamba za katani, ambayo jembe la mkono linaikuna tu. Maksai wetu hawakuwahi kufunzwa kuvuta plau. Trekta lisipovuka, mama angerudi kuwa kibarua, safari hii kwa jirani yake.

Siku ya kwanza nilipotoka langoni nilisimamishwa na askari kijana wa rika langu, viatu bado viking'aa mng'ao wa chuo cha polisi cha Kiganjo. Alizunguka trekta mara mbili.

"Wewe msichana, hii trekta iko na namba?"

"Iko na nguvu," nikamwambia. "Namba ni ya nini?"

"Trekta si ya barabara. Hii ni kitu ya shamba. Ukiwasha hii kitu tena hapa kwa lami, naipeleka kituo, ikae huko mpaka ipate karatasi yote."

"Ni kutoka hii lango mpaka ile tu, afande. Mzungu alikuwa anapita hapa kila siku."

"Mzungu ameenda," akasema. "Sheria imebaki."

Nilirudi nyumbani nimevimba kama kiboko. Mwenyekiti wa kamati akatuambia tutulie, karatasi zimepelekwa Nyeri, mambo ya serikali hayataki haraka. Mama akamuuliza kama mvua nayo imepelekewa barua ingoje. Mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni, kwa kila mtu. Kipande chake mwenyewe kilikuwa upande wa juu.

Ni mama aliyepata wazo. "Huyo kijana amesema usiwashe," akaniambia jioni ile tukimenya viazi. "Basi tusiwashe." Tulikubaliana kabisa kwamba tumejua sheria inakataza nini. Shida yake ni injini. Kitu kikivutwa na ng'ombe ni mkokoteni, na nani hajui kwamba mkokoteni wa ng'ombe unapita barabara yoyote, hata mbele ya nyumba ya mkuu wa wilaya?

Asubuhi tuliwafunga maksai wote wanne kwa minyororo, mama akawatangulia na kamba, mimi nikashika usukani. Majirani walitoka kutuangalia, wakacheka mpaka wakashikilia ua. Sikuwajali. Trekta lilikuwa likienda kimya, na kwenye mteremko wa kuelekea mtoni hata maksai walikuwa na raha. Tulipofika katikati ya daraja, pale ambapo barabara inaanza kupanda, wakasimama. Mama aliwabembeleza, akawatukana, akawabembeleza tena. Wakatafuna tu.

Nyuma yetu lori la mbao likasimama. Mbele, lori jingine lililotoka Nanyuki likasimama. Na katikati ya honi, yule askari akafika kwa baiskeli.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni mkokoteni," nikajibu.

"Mkokoteni iko na ekzosi?"

"Haijawashwa, afande. Shika hiyo bomba uone kama iko moto."

Akaishika kweli. Kisha akakasirika kwa sababu aliishika. "Trekta ni trekta hata ikivutwa na mbuzi," akasema. "Geuza, urudishe huko juu."

Nikamwonyesha daraja. Hata kondoo asingegeuka pale akiwa amefungwa kwenye trekta.

"Basi fungua hao ng'ombe, uwashe, urudi nyuma."

"Niwashe? Si ulisema nikiwasha kwa lami unapeleka kituo? Afande, chagua moja. Mimi nitakaa hapa mpaka upate."

Nikakunja mikono, na sikuwa natania. Nilikuwa na hasira ya miaka, ya baba aliyelima ekari zisizohesabika za mtu mwingine na kufa bila kulima hata mstari mmoja wa kwake. Madereva wa lori walikuwa wameshuka sasa, wakimwambia askari afanye kitu. Naye akamgeukia mama, kwa kuwa mama alionekana mnyonge kuliko mimi.

"Mama, toka kwa barabara. Hii ni barabara ya serikali."

Mama hakuwa mtu wa kelele. Aliiachia kamba, akaja akasimama mbele yake, karibu sana.

"Ya serikali," akasema. "Kijana, hii barabara nilichimba mimi. Wakati wa Emajensi tulitolewa kijijini asubuhi, wanawake peke yetu, hom-gadi wa mzungu nyuma yetu na bunduki. Mawe yote iko chini ya hii lami tulibeba na mgongo. Huyu unaona juu ya trekta alikuwa mtoto ya kunyonya. Mgongo ilikuwa ya mawe, kwa hivyo yeye nilimfunga hapa kifuani. Hakuna mtu aliniuliza leseni. Hakuna mtu alisema mimi ni kitu ya shamba, nisikanyage."

Mimi hayo sikuwa nimewahi kuyasikia. Nilijua mama alikaa kijiji cha Emajensi kama wengine, walikofungiwa watu wetu wakoloni walipotangaza hali ya hatari, nilijua kulikuwa na kazi ya lazima, lakini hakuwahi kusema ni kazi gani wala wapi. Tangu nizaliwe nilikuwa nikiipita barabara ile kwenda shule, kwenda kanisani, kwenda sokoni, naye akitembea kando yangu, amenyamaza.

Askari alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Na mama yako?" mama akamuuliza. "Yeye alichimba ya wapi?"

Kwa mara ya kwanza askari akaacha Kiswahili cha kazi na kujibu kwa lugha ya nyumbani, kwa lafudhi ya watu wa upande ule mwingine wa mlima.

"Ya Kianyaga," akasema.

"Basi muulize yeye kama trekta inaweza kupita."

Askari alienda akasimama mbele ya lori la Nanyuki, akainua mkono kulizuia, ingawa lilikuwa limeshasimama. Bila kunitazama akasema nifungue ng'ombe, niwashe, nipite, na kwamba ataniandika. Na aliniandika kweli. Niliitwa kortini Nyeri, hakimu akaniuliza kama ni kweli nilikuwa barabarani na chombo cha shamba kisicho na namba, nikamwambia ni kweli, na kwamba jana yake pia nilikuwa, na nikitoka hapo nitakuwa. Akanipiga faini na kunionya. Namba ilikuja baada ya mavuno. Siku zote hizo za katikati niliendelea kuvuka.

Watu wakisikia habari hii husema yule askari alikuwa na roho nzuri. Labda. Mimi sikumshukuru siku ile na sijamshukuru mpaka leo. Siwezi kumpa mtu asante kwa kunikubalia nipite juu ya mgongo wa mama yangu.

Tulipoingia lango la chini nilitaka kuanzia mtoni, ambako udongo ni laini na plau hushika bila shida. Mama akatikisa kichwa. Akatembea mpaka ukingoni mwa kipande chake, pale thangari ilipokuwa nene kuliko kote, hatua chache tu kutoka kwenye lami, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Anzia hapa," akasema. "Hao wa malori wakirudi jioni, nataka waone."

Nikashusha plau.